Tarime: Kila Uchaguzi na Mbunge Wake

Ng'ambo ya Sirari, Wakurya wa Kenya hupiga kura ya seneta. Mwaka 2013 kaunti ya Migori ilimpeleka mtu wao, Dkt. Wilfred Machage, kwenye Seneti. Ndugu zao wa Nyangoto, wilayani Tarime upande wa Tanzania, hawana baraza la juu la kukimbilia. Bunge la Tanzania ni moja, na kero zote za mgodi wa North Mara, kuanzia fidia na nyumba za tegesha, zile zinazojengwa kuvizia fidia, hadi maji ya mto Tigithe na vijana wanaopigwa risasi mgodini, humwangukia mbunge mmoja. Pengine ndiyo maana kuanzia 2005 hadi 2020 kila uchaguzi ulileta mbunge mpya.

Mwaka 2005 Chacha Wangwe aliitwaa Tarime kutoka CCM. CHADEMA ilipata majimbo matano tu nchi nzima, na hili lilikuwa mojawapo. Wangwe akawa pia Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara, kisha akagombana na wenzake na kusimamishwa. Haukupita muda, tarehe 28 Julai 2008, akafa katika ajali ya gari Pandambili, mkoani Dodoma. Tarime haikuamini kuwa ni ajali. Mazishi yaliahirishwa ili mwili uchunguzwe upya, na kampeni za uchaguzi mdogo zikageuka kuwa matanga yenye hasira: Mchungaji Christopher Mtikila wa DP alijeruhiwa kwa mawe akiwa mkutanoni. CCM ilikuwa na kila sababu ya kutarajia mavuno. Hata hivyo, Oktoba 12 wapiga kura walimchagua Charles Mwera, wa CHADEMA vilevile.

Miaka miwili tu baadaye kiti kikarudi CCM kwa Nyambari Nyangwine.

Wapo wanaoeleza haya yote kwa koo: Wanchari huku, Watimbaru kule, Wanyamongo na machimbo yao. Sikatai kwamba ukoo una uzito, hasa kwenye kura za maoni. Lakini koo ni zilezile, na chama kimebadilika mara nne katika miaka 15.

Mwaka 2015 jimbo liligawanywa. CHADEMA ilishinda pande zote mbili, Esther Matiko Mjini na John Heche Vijijini, ambako Nyangoto imo. Mwaka 2020 yote mawili yakaenda CCM, safari hii chama cha Heche kikibakiwa na jimbo moja tu nchini, Nkasi Kaskazini. Heche aliyakataa matokeo. Aliyetangazwa mshindi Vijijini, Mwita Waitara, alikuwa mbunge wa CHADEMA Ukonga hadi alipohamia CCM mwaka 2018, kwa hiyo hata ushindi wa CCM ulikuja na mtu aliyetoka upinzani.

Januari 2025 Heche alichaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CHADEMA Bara, cheo kilekile cha Wangwe. Oktoba mwaka huo Tarime ilipiga kura bila jina la CHADEMA kwenye karatasi.