Mwanzo wa Kwaresima na Maana ya Kufunga

Huku Shelui, katika wilaya ya Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, siku za Kwaresima hutujia wakati mgumu. Mvua zilizoanza Novemba au Desemba zingali zikinyesha. Mtama na uwele umesimama shambani, bali haujakomaa. Na katika nyumba nyingi ghala imekwisha kufagiwa. Basi twasikia watu wakiuliza: mtu asiye na chakula, afunge nini? Swali hilo si la dhihaka, nalo lastahili jibu. Tumeona vema kulitafuta jibu hilo kwanza katika maneno, kisha katika historia.

Jina la Kwaresima asili yake ni Kilatini, Quadragesima, yaani ya arobaini. Wayunani walisema Tessarakoste, na maana ni ile ile. Siku ya kwanza yake ni Jumatano ya Majivu. Juma ni neno la Kiarabu. Tano na majivu ni maneno ya Kibantu. Nayo huitwa ya tano kwa kuwa Waswahili huanza kuhesabu siku kwa Jumamosi. Lakini neno lenye mafundisho zaidi ni kufunga. Twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga ndoa, tena twafunga safari. Aliyefunga safari hajafika bado, ila amekwisha kuazimia kwenda. Hivyo ndivyo alivyo Mkristo siku ile ya kwanza: safari yake yaelekea Pasaka.

Zamani hesabu ya siku hizo haikuwa moja kila mahali. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 waitaja Arobaini katika kanuni yake ya tano, kama jambo lililokwisha kujulikana. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma tangu mwaka 590 hata 604, alihesabu siku 36 za kufunga: majuma sita, na kila juma siku sita, kwa kuwa Jumapili ni siku ya Ufufuko na haifungwi. Alizifananisha na zaka ya mwaka mzima. Baadaye ziliongezwa siku nne, ili zitimie 40 kama siku za Bwana Yesu jangwani. Na ndiyo sababu mwanzo wake ukawa Jumatano.

Majivu nayo yana habari yake. Hapo kwanza walitiwa majivu wale tu waliotenda dhambi kubwa za wazi, nao wakatengwa na ushirika mpaka Alhamisi Kuu. Kidogo kidogo wengine wakajiunga nao, kwa kukiri ya kwamba hakuna asiye mkosaji. Na mwaka 1091 mtaguso wa Benevento ukaagiza waamini wote wapakwe. Majivu yenyewe huchomwa kutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Shangwe za jana zimekuwa kivumbi cha leo.

Sisi wa Shelui twalifahamu vema neno la kivumbi. Karibu nasi lipo chimbo la Sekenke, lililochimbwa dhahabu tangu wakati wa Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora, mwaka 1916. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, Tabora ilitekwa, na serikali iliyozipiga ikaondoka. Majivu kipajini yatukumbusha jambo hilo hilo: mwanadamu ni udongo, na fahari yake haikai.

Wengine husema, mambo hayo ni ya Wakatoliki tu. Sivyo. Iramba ilihubiriwa na Walutheri wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha na wa Augustana kutoka Marekani. Na Luther mwenyewe, katika hoja zake 95 za mwaka 1517, alianza na toba, akiifanya kuwa kazi ya maisha yote. Kwa Wakatoliki, Papa Paulo wa Sita mwaka 1966 alipunguza siku za lazima za kufunga zikawa mbili, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akahimiza sala na sadaka zisiachwe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Njaa si saumu, kwa maana saumu huchaguliwa, na njaa haichaguliwi na mtu. Aliyelala bila kula kwa kukosa, asiambiwe ya kwamba amefunga. Hilo ni kumwongezea mzigo. Yeye afunge kinyongo, afunge ulimi, afunge kukata tamaa. Lakini mwenye ghala ana neno jingine. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea waliofunga huku wakiwaonea watu wao, akaonyesha ya kuwa saumu impendezayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Basi kile ulichojinyima mchana kisibaki ghalani mwako kikakungoja usiku. Hapo hukufunga, umeahirisha kula tu. Kina mwenyewe, naye ni jirani yako.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, Jumatano ya Majivu itakapofika, mtu asitazame kipaji chake tu. Atazame pia jiko la jirani, kama moto umewaka.