Busia na Malaba: mpaka uliozikata koo

Mpaka wa Kenya na Uganda ulielezwa rasmi kwa amri ya Waingereza ya mwaka 1926, na mwaka 2026 unatimiza karne moja. Unaanzia Ziwa Victoria, unafuata Mto Sio, unapita Busia, kisha unashika mito Malaba na Lwakhakha kuelekea Mlima Elgon. Busia na Malaba ni watoto wa mpaka huo, na kila mji una pacha wa jina lile lile ng'ambo.

Watu walitangulia mpaka. Wateso, ndugu wa Wakaramoja na Waturkana, walishuka kutoka kaskazini na kufika eneo hilo katika karne ya 19. Kusini mwao waliishi Wasamia. Wote walihesabiwa chini ya Uganda, ambayo Mkoa wake wa Mashariki ulifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulihamishiwa upande wa Kenya. Wateso wa Amukura na Angurai wakajikuta wachache kando ya Waluhya, huku wenzao wengi wakibaki Tororo, Kumi na Soroti. Hakuna aliyewauliza. Kwingineko watu waliulizwa: huko Denmark, wakazi wa Tønder, mji mdogo wa mpakani wenye Wajerumani, walipigishwa kura ya kuchagua nchi mwaka 1920, na mwaka 1955 Bonn na Copenhagen zikatoa matamko ya kuwalinda walio wachache wa pande zote mbili. Wateso walistahili heshima hiyo hiyo.



Deni la 1902 lilidaiwa na mtu asiyetarajiwa. Tarehe 15 Februari 1976 Idi Amin, rais wa Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, kihistoria ilikuwa ya Uganda. Kumbukumbu yake ya uhamisho haikuwa ya uongo. Hatari ilikuwa katika hitimisho, kwani nchi za Afrika zilikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka ziliyoirithi. Rais Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja. Wananchi waliandamana, na wapakuzi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa shehena za Uganda. Amin akalegeza kamba. Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe kuokoa mateka na ndege zao kujaza mafuta Nairobi, Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa. Kenya ikabana mafuta, Uganda ikakaukiwa, na maafikiano yakapatikana Agosti. Waliogombewa hawakuwapo mezani.

Desemba 1987 risasi zililia Busia kati ya askari wa nchi hizo mbili; marais Moi wa Kenya na Museveni wa Uganda wakakutana Malaba kabla ya mwaka kwisha. Busia hiyo hiyo ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la bodaboda, baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Wilaya ya Teso iliundwa mwaka 1995, kisha ikarudishwa ndani ya Kaunti ya Busia. Sensa ya 2019 ilihesabu Wateso zaidi ya 400,000 nchini Kenya. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na malori huvuka kwa ukaguzi mmoja. Historia ya Malaba imeachwa iwe historia ya foleni za malori na ushuru, jambo la kusikitisha, kwa sababu koo zile zile bado huvuka kuzikana na kunywa ajon, pombe yao ya kienyeji, kwa mirija kutoka chungu kimoja, na Emorimor, kiongozi wao wa kimila aliyeko Uganda, anatambuliwa pande zote mbili.