Sindano ya Profesa Fenn

Ndugu zetu, kila mwaka mnatuuliza kwa nini tunachangisha ada za vijana wa sayansi na huku zahanati inahitaji vitanda. Mwaka huu tunajibu kwa habari za mzee mmoja wa Marekani.

John Fenn alizaliwa New York mwaka 1917, akasomea Berea, mji mdogo wa Kentucky. Chuo cha pale hakitozi ada. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Alihitimu mwaka 1937, akapata udaktari wa kemia Yale mwaka 1940.

Kilichomsumbua uzeeni ni protini. Mashine ya kupimia uzito wa molekuli hupima tu zile zinazoelea zikiwa na chaji ya umeme, na protini ni kubwa mno. Ukiipasha moto ili ipae kama mvuke, inaharibika. Yai likishakaangwa halirudi ubichi. Fenn na wenzake wakapitisha maji yenye protini kwenye sindano nyembamba yenye volti maelfu. Yakatoka matone madogo mno yenye chaji, yakakauka njiani, protini ikabaki nzima, inaelea. Mwenyewe alifananisha na kuwapa tembo mabawa.

Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1988, Yale ikiwa imeshamstaafisha kwa kufikisha miaka 70. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2002, ana miaka 85.

Siku hizi, katika nchi nyingi, tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga hupimwa kwa njia hiyo, magonjwa ya kurithi yagundulike kabla hajaugua.