Kasi, Mtutu na Mzoga: Historia ya Uchaguzi wa Risasi Ndogo za Kuwindia Wanyama Waharibifu nchini Marekani, 1930–2019

Utangulizi

Historia ya risasi ndogo zilizobuniwa nchini Marekani kwa ajili ya kuwapiga wanyama waharibifu wa mashamba na malisho inaweza kusimuliwa kama mashindano ya kasi: kila kizazi kikitoa risasi iliyo nyepesi na yenye mbio kuliko ya kizazi kilichotangulia. Insha hii inaisoma historia hiyo kwa njia nyingine. Inadai kwamba kila uchaguzi wa risasi ulikuwa pia uamuzi kuhusu nani atakayebeba gharama ya mlio mmoja wa bunduki: mwenye bunduki, jirani yake, au viumbe wanaofika baada ya mwindaji kuondoka.

Istilahi zinahitaji kufafanuliwa mwanzoni. Hapa, neno risasi linamaanisha kitu kizima kinachotiwa katika bunduki, yaani ganda, baruti na kichwa kinachorushwa. Sehemu inayoruka inaitwa kichwa cha risasi, na metali yenyewe inaitwa madini ya risasi. Kiswahili hutumia neno moja kwa silaha na kwa metali, lakini hoja ya sehemu ya mwisho inategemea kuzitenganisha.

Muktadha: mnyama mdogo na bonde pana

Wanyama waliolengwa walikuwa wa aina mbili kuu. Katika majimbo ya mashariki, kama vile Pennsylvania na New York, alikuwapo wudichaki, mgugunaji mnene anayechimba mashimo makondeni na kula mazao. Katika nyanda za magharibi walikuwapo preridogi, jamii ya kuchakuro wanaoishi ardhini kwa makundi makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa wanyama wa serikali, C. Hart Merriam, alikadiria kwamba preridogi 32 hula majani kiasi cha kondoo mmoja, na 256 kiasi cha ng'ombe mmoja. Hesabu ya namna hiyo iliwapa wafugaji na serikali sababu ya kuwaangamiza, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo ilifanywa kwa sumu. Bunduki ilikuwa chombo cha ziada, ambacho baadaye kiligeuka kuwa mchezo wenye wapenzi wengi.

Mnyama wa ukubwa huu huleta tatizo la kipekee. Hahitaji nguvu kubwa ili afe, ila ni shabaha ndogo, naye hukaa mbali mahali pa wazi. Kila kichwa cha risasi huvutwa na dunia tangu kinapotoka mtutuni. Kinachokwenda polepole hukaa angani muda mrefu zaidi na hivyo hushuka zaidi. Mwindaji akikosea kidogo kukadiria umbali, kichwa hupita juu ya mgongo au huchimba vumbi chini ya tumbo. Kasi, basi, ilikuwa dawa ya makosa ya kukadiria umbali kabla ya kuwa fahari.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ilihusu jirani. Risasi za kawaida za .22, ambazo kichwa chake ni kipande laini cha madini ya risasi kinachokwenda polepole, zilijulikana kwa tabia ya kudunda ardhini na kuendelea na safari isiyotabirika. Katika eneo lenye ng'ombe, nyumba na barabara, tabia hiyo ilikuwa hatari. Kichwa chepesi chenye ganda jembamba la shaba, kikirushwa kwa kasi kubwa, huelekea zaidi kupasuka vipande kinapogusa udongo. Kupasuka huko kulihesabiwa kuwa usalama.

Awamu ya kwanza: kutafuta kasi, 1930–1949

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, Massachusetts, kundi la wapenzi wa bunduki, wakiwamo Grosvenor Wotkyns na Townsend Whelen, walichukua ganda dogo la zamani lililobuniwa kwa baruti nyeusi na kulijaza baruti ya kisasa. Matokeo yake yalikuwa .22 Hornet, ambayo kampuni ya Winchester ilianza kuiuza mwaka 1930. Kichwa chake cha takriban gramu 2.9 kilitoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Mlio wake haukuwa mkali, baruti iliyotumika ilikuwa kidogo, na mtutu ulidumu. Udhaifu wake ulikuwa masafa: kupita mita 150 hivi, ukadiriaji wa umbali ulirudi kuwa tatizo.

Mwaka 1935 Winchester ilitoa jibu la upande mwingine kabisa. Risasi ya .220 Swift, iliyotumia ganda lililotokana na risasi ya jeshi la majini ya mwaka 1895, ilirusha kichwa cha gramu 3.1 kwa kasi iliyotangazwa ya takriban mita 1,250 kwa sekunde. Tatizo la umbali lilipungua sana, lakini gharama ilihamia kwingine. Baruti nyingi ikiungua nyuma ya tundu jembamba hutoa gesi ya moto mkali inayokula chuma mahali mtutu unapoanzia. Swift ikapata sifa ya kula mitutu, sifa iliyoifuata hata baada ya vyuma bora kupatikana. Kati ya Hornet na Swift, mwindaji wa miaka ya 1930 alichagua kati ya kulipa kwa masafa na kulipa kwa mtutu.

Awamu ya pili: uthabiti na upatikanaji, 1950–1970

Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilileta .222 Remington, kazi ya mhandisi wake Mike Walker. Ganda lake lilibuniwa upya badala ya kurithiwa kutoka risasi ya zamani. Kasi yake, takriban mita 950 kwa sekunde, ilikuwa ya wastani, lakini risasi zake ziliangukia karibu mahali pamoja mlio baada ya mlio. Kwa takriban miaka 20 ilitawala mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki iliyoegemezwa mezani. Kufaulu kwake kunadhoofisha simulizi la mashindano ya kasi, kwa kuwa wanunuzi wengi waliikubali risasi iliyokuwa polepole kuliko Swift iliyoitangulia kwa miaka 15. Walichokithamini ni mtutu unaodumu, teke dogo begani na uhakika wa shabaha.

Ganda la .222 lilirefushwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya bunduki mpya ya kijeshi, na toleo la kiraia, .223 Remington, likasajiliwa katika miaka ya 1960. Jeshi lilipoikubali risasi hiyo, viwanda viliizalisha kwa wingi, nayo ikawa rahisi kupatikana. Mwaka 1965 Remington iliirasimisha .22-250, risasi ambayo mafundi binafsi walikuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1930. Tangu hapo, bei na upatikanaji vikaungana na umbo la njia ya risasi kama vigezo vya uchaguzi.

Awamu ya tatu: mzoga unaoachwa, 1971–2019

Vipenyo viliendelea kupungua: .17 Remington mwaka 1971, .17 HMR mwaka 2002 na .204 Ruger mwaka 2004. Hii ya mwisho hurusha kichwa cha takriban gramu 2 kwa kasi inayokaribia mita 1,290 kwa sekunde. Lakini swali jipya lilikuwa limekwisha kuzuka. Mizoga ya preridogi kwa kawaida huachwa ilipoangukia, na ndege wala nyama huifuata.

Utafiti wa Jonathan Pauli na Steven Buskirk, uliochapishwa mwaka 2007, ulichunguza mizoga ya preridogi waliopigwa risasi. Mabaki ya madini ya risasi yalionekana katika asilimia 87 ya mizoga iliyopigwa kwa vichwa vinavyopanuka, na katika asilimia 7 tu ya ile iliyopigwa kwa vichwa visivyopanuka. Matokeo haya yanagusa kiini cha hoja ya insha hii. Sifa ileile ya kupasuka, iliyopokewa kama kinga kwa jirani na mifugo yake, ndiyo inayotawanya chembe za sumu katika nyama inayoliwa na tai na vipanga.

California, iliyokuwa na wasiwasi hasa kuhusu kondori, ilipitisha mwaka 2013 sheria ya kupiga marufuku vichwa vya madini ya risasi katika uwindaji wote, ikatekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai 2019. Mbadala uliotumika sana ni shaba. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kirefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe. Mitutu mingi ya Hornet ina mifereji inayomaliza mzunguko mmoja katika takriban sentimita 40, mwendo ambao unatosha vichwa vifupi tu. Maamuzi ya 1930, kwa hiyo, yangali yamechongwa ndani ya chuma, nayo yanambana mwindaji anayetaka kutii sheria ya 2019.

Hitimisho

Hakuna awamu kati ya hizi iliyoifuta gharama. Kila moja iliihamisha. Hornet iliitoza masafa, Swift ikautoza mtutu, na vichwa vinavyopasuka vikamwondolea jirani hatari kwa kumtwika tai. Uchaguzi wa risasi ndogo unafahamika vyema pale mtafiti anapofuata safari ya kichwa cha risasi hadi mwisho wake, badala ya kuishia kwenye mnyama aliyelengwa.