Kutafuta Kosa Katika Mafumbo ya Programu ya Mtandaoni

Mafumbo ya programu ni maswali mafupi ambayo mwanafunzi huyajibu kwa kuandika programu, na kompyuta husahihisha papo hapo. Tovuti ya Project Euler ilianza mwaka 2001, ya Codeforces mwaka 2010. Leo kijana wa Izia, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, anaweza kupambana na swali lilelile linalomtoa jasho mwenzake wa Moscow. Mara nyingi anachokosa ni mtu wa karibu wa kumweleza kwa nini jibu lake limekataliwa, maana kwa kawaida mfumo hutoa hukumu bila maelezo.

Project Euler hupokea jibu la mwisho tu, lakini msahihishaji wa tovuti kama Codeforces hupokea programu yenyewe, ila haisomi kama mwalimu asomavyo daftari. Huipa data zilizofichwa, huchukua ilichochapisha, kisha hulinganisha na jibu linalotakiwa. Ndiyo maana anayeanza hukwama kwa jambo dogo: ameandika “Ingiza namba:” kama alivyozoea darasani, na maneno hayo yamehesabiwa kuwa sehemu ya jibu. Yafutwe. Kosa jingine la mlangoni ni la aina ya data. Katika Python, input() hurudisha maandishi, hata kama mtumiaji ameandika tarakimu. Ukijumlisha 3 na 5 zilizosomwa hivyo unapata 35. Dawa yake ni int().

Makosa ya mantiki ndiyo magumu, kwa sababu programu inakimbia vizuri na jibu linafanana na ukweli. Swali la kwanza la Project Euler linataka jumla ya namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Jibu ni 233168. Anayeanza hujumlisha vigawe vya 3, kisha vya 5, na kupata 266333. Tofauti ya majibu hayo mawili ni 33165, nayo ni jumla kamili ya vigawe vya 15 chini ya 1000: amevihesabu mara mbili. Mwingine hupata 234168, yaani amezidisha 1000 tu. Kitanzi chake kimeingiza namba ya mwisho, ilhali swali limesema “chini ya”. Jibu lisilo sahihi lina habari nyingi, na ni hasara kulifuta kabla ya kulichunguza.

Lakini kwa nini kosa la kwanza halionekani mapema? Swali lenyewe hutoa mfano: chini ya 10 jumla ni 23. Programu yenye kosa nayo hutoa 23, kwa kuwa 15 haijafikiwa. Ukijaribu chini ya 20 kwa kalamu na karatasi utapata 78, na programu itatoa 93. Hapo kosa limejitokeza. Kwa maoni yangu hili ndilo la kufundishwa kwanza, kabla ya mbinu zozote za kasi: kufaulu mfano uliotolewa si ushahidi kwamba programu ni sahihi. Mwanafunzi atunge majaribio yake madogo anayoweza kuyakokotoa kwa mkono, hasa ya pembezoni: sifuri, moja, orodha tupu, namba zinazofanana. Swali maarufu la tikitimaji la Codeforces huuliza kama uzito unaweza kugawanywa katika sehemu mbili za kilo shufwa. Wengi hukagua ushufwa tu, wakaangushwa na kilo 2, ambazo hugawanyika kuwa moja na moja.

Ukubwa wa namba nao una mtego. Tuseme tani 4,000 za mahindi ya Ufipa zinanunuliwa kwa shilingi 700 kwa kilo. Malipo ni shilingi 2,800,000,000. Katika Java, aina ya int huishia 2,147,483,647, hivyo hesabu hiyo itatoa -1,494,967,296. Tumia long. Python haina kikomo hicho.

Hukumu ya kuzidi muda ni habari nyingine: wazo laweza kuwa sahihi ila ni la polepole. Kulinganisha kila jozi katika orodha ya namba 100,000 ni ulinganishi karibu bilioni 5. Kubadilisha lugha hakutasaidia sana. Tafuta njia isiyopitia jozi zote, kwa mfano kuhifadhi namba zilizokwisha kuonekana katika kamusi ya Python.

Kazi hii yote haihitaji intaneti ya muda wote. Pydroid 3 huendesha Python kwenye simu ya Android bila mtandao, na bando likabaki kwa kusoma swali na kutuma jibu. Ukikwama kabisa na kuomba msaada, usitume picha ya skrini yenye neno “imegoma”. Mpe mwenzako data ulizoingiza, jibu ulilotarajia na jibu ulilopata.