Alama za Mtihani na Mlango wa Elimu ya Juu: Fikra Kutoka Kigobe

Atokaye Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimefanya maskani tangu enzi za ukoloni, akielekea kaskazini mwa Bujumbura, hufika Kigobe, penye nyumba kubwa na jumba ambamo Bunge la Burundi limekuwa likikutana. Jirani yake ni Mutanga, ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Baina ya jumba lile na chuo kile pana uhusiano ambao sisi walimu aghalabu hatuutazami: nao ni alama za mtihani.

Mkataba wa Amani uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 wazungumzia jeshi, wakimbizi na mgawanyo wa madaraka, kama ilivyotarajiwa. Lakini humo humo imeandikwa pia kwamba mitihani iendeshwe kwa uwazi na haki. Mgeni huenda akastaajabu: karatasi za mtihani zina nini na vita? Mrundi hastaajabu.

Chuo kilifunguliwa mwaka 1964. Mwaka 1972 wasomi wengi wa Kihutu waliuawa, wakiwamo wanafunzi wa chuo na wa shule za sekondari, na kwa miaka mingi baadaye wapo wazazi walioiogopa shule yenyewe. Kisha, katika utawala wa Bagaza (1976 hadi 1987), ilienea habari, nao wanahistoria wameiandika, kwamba karatasi za mtihani wa mchujo wa darasa la sita zilitiwa alama ya siri: herufi i kwa mtoto wa Kitutsi, u kwa wa Kihutu. Msahihishaji akaijua kabila kabla ya kuijua hesabu. Aliyezuiliwa hapo hakuiona maabara maishani mwake, sembuse kuomba nafasi ya uzamili katika fizikia au kemia. Ndiyo maana, katika nchi hii, alama safi si tarakimu tu. Kwa mtoto asiye na mjomba serikalini, ni shahidi wake wa pekee.

Jirani zetu wa Tanzania waliijaribu njia nyingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mwanafunzi afanye kazi kwanza, kisha aingie chuo kikuu akiwa na sifa njema kutoka kazini na kwa chama, si alama peke yake. Nia ilikuwa njema, na wengi waliokuja kutoka kazini walikuwa watu wazima wenye kujua walitakalo. Lakini wanawake walipungua chuoni hata ikabidi waondolewe sharti hilo. Tena, kwa maoni yetu, mwanahisabati akikaa miaka miwili bila kushika kalamu hurudi na kutu. Isitoshe, sifa njema hutolewa na mtu, na mtu ana rafiki na adui.

Suala hili limerudi kwetu kwa sura mpya. Tangu mwaka 1936 Marekani imekuwa na mtihani uitwao GRE, wa kuwapima waombao masomo ya uzamili na uzamivu, na idara nyingi za sayansi zilikuwa zikiutaka. Katika miaka ya karibuni, hasa tangu janga la mwaka 2020, nyingi zimeufuta au kuufanya wa hiari. Hoja zao ni nzito: ada yake imezidi dola 200, nayo matokeo hayaelezi vema nani atadumu katika utafiti. Twakubali. Maabara yataka uvumilivu, na hakuna mtihani wa saa chache uupimao uvumilivu.

Hata hivyo, tuangalie kijana wa Mutanga. Amesoma kwa Kifaransa, katika mfumo ambao asilimia 70 ni ufaulu wa kujivunia. Mmarekani aonaye 70 kwenye cheti chake hudhani huyu ni mvivu. GRE, pamoja na ila zake zote, na pamoja na kuandikwa kwa Kiingereza ambacho kijana huyu amejifunza baada ya lugha nyingine mbili au tatu, ulikuwa mizani moja ambayo yeye na mwana wa Boston walipimwa pamoja. Ukiondolewa, kinachobaki ni uzoefu wa utafiti, ambao hupatikana penye vifaa, na barua za walimu. Wala tusidanganyike: barua ya profesa ajulikanaye husomwa kwa jicho jingine.

Kwa hiyo mzigo umehamia mezani kwetu. Barua nyingi tuzionazo husema tu kwamba kijana ana bidii, adabu na heshima; maneno hayo hayamsaidii. Ilitupasa kueleza alikuwa wa ngapi kati ya wangapi, asilimia 70 ina maana gani hapa, na siku kifaa kilipoharibika alifanya nini. Kuandika hivyo kwahitaji kumfahamu mwanafunzi, na darasa la mwaka wa kwanza lina vijana wengi mno kuliko viti.

Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa mwezi Desemba, na kwa kawaida barua tatu hutakiwa.