Kambi za RV Marekani zimegeuka mitaa: namna ya kupata nafasi ya kulala usiku mmoja

Kila shule za Marekani zikikaribia kufungwa, simu yangu hujaa maswali ya jamaa na wasomaji waliohamia huko. Wamekodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Njia wameshaipanga na watoto wanahesabu siku. Kisha wanapigia kambi ya kwanza, imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu wanaambiwa hapa hatupokei watu wa usiku mmoja. Wanauliza: nchi kubwa namna ile, nafasi zimekwenda wapi?

Zina watu wanaoishi humo. Nimepita njia hizo na familia ya kaka yangu kutoka Texas hadi Arizona, na tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia wengine nikiwa hapa Mombasa, kwa simu na ramani. Leo naweka mambo yote mahali pamoja, maana safari hizi zinawafaa sana watu wetu. Mwenye jiko lake hahangaiki kutafuta nyama ya halali njiani, na mwenye wazee na watoto ana choo na maji ya udhu hatua mbili kutoka kitandani.

Nani anaishi kambini

Kambi ya RV ni uwanja uliogawanywa vipande. Kila kipande kina plagi ya umeme ya ampea 30 au 50, mfereji wa maji, na mara nyingi shimo la kuunganisha maji taka. Msafiri hulipa kwa usiku. Lakini mwenye kambi anaweza pia kukodisha kwa mwezi, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Wakazi wa kambi ni wa aina nyingi. Kuna wafanyakazi wa mafuta, hasa magharibi mwa Texas, kuzunguka miji ya Midland na Odessa. Kuna mafundi wa ujenzi wanaofuata kazi. Kuna manesi wa mikataba, ambao kwa kawaida hukaa wiki 13 katika hospitali moja kisha wakahamia nyingine. Kuna wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini na kuja Arizona, Florida na kusini mwa Texas kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuna waliopoteza nyumba katika majanga: moto wa Novemba 2018 ulioteketeza mji wa Paradise, California, uliua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000, na wengi walionusurika waliishia kwenye matrela. Na kuna wale ambao kodi ya nyumba imewashinda tu. Jessica Bruder aliandika habari za watu kama hao katika kitabu *Nomadland* cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Juu ya hayo, wakati wa korona Wamarekani walinunua RV kama njugu. Mwaka 2021 viwanda vilitoa zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Magari yakawa mengi kuliko viwanja.

Mwenye kambi naye ana hesabu yake. Mpangaji wa mwezi analipa hata siku za baridi, hahitaji kuandikishwa kila jioni, na aghalabu umeme anajilipia kwa mita yake. Msafiri wa usiku mmoja analipa zaidi kwa siku, lakini huenda kesho asije mwingine. Ndiyo maana utakuta kambi yenye nafasi 80 imebakisha tano tu za wapita njia, au haikubakisha hata moja.

Jinsi ya kuitambua kabla hujafika

Fungua ramani yenye picha za setilaiti na uivute karibu. Ukiona vibanda vya mabati kando ya matrela, kumbi za mbao, magari madogo mawili mawili kila nafasi na nyasi zilizokufa chini ya matrela, hapo ni mtaa. Ukiona nafasi nyingi tupu na barabara pana za kupitisha gari moja kwa moja, hapo kuna dalili ya wasafiri.

Soma orodha ya bei. Kambi inayotaja bei ya mwezi kwanza, na ya usiku kwa maandishi madogo au isiitaje kabisa, imeshakwambia inamtaka nani. Angalia pia masharti mawili yanayowakwaza wageni. La kwanza ni kambi za watu wa miaka 55 na kuendelea, ambako familia yenye watoto haitapokelewa. La pili ni ile kanuni ya kambi nyingi za binafsi kutopokea RV iliyozidi miaka 10. Anayekodi RV mpya halimgusi, lakini aliyenunua ya mkono wa pili aulize mapema.

Tafuta mahali penye kikomo cha siku

Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zipo kambi Marekani zilizoandika msemo huo katika kanuni zao. Humo hakuna mtu anayeruhusiwa kuhamia, kwa hivyo nafasi huzunguka.

Za kwanza ni kambi za serikali kuu: hifadhi za taifa, misitu ya taifa, na zile zilizo kando ya maziwa ya mabwawa zinazosimamiwa na wahandisi wa jeshi, Army Corps of Engineers. Kikomo cha kawaida ni siku 14. Nyingi huwekwa nafasi kupitia tovuti ya Recreation.gov, na kwa kambi nyingi mlango hufunguka miezi sita kabla. Zile za wahandisi wa jeshi ndizo nizipendazo zaidi, kwa kuwa nyingi zina umeme na maji, na wageni wengi hawazijui.

Za pili ni kambi za majimbo. Florida, kwa mfano, tangu Januari 2024 inawaruhusu wakazi wa jimbo kuweka nafasi miezi 11 kabla, na wasio wakazi miezi 10. Kama una ndugu anayeishi Florida na mnasafiri pamoja, mwacheni yeye ndiye aweke kwa jina lake.

Za tatu ni bustani za kaunti na za miji midogo, pamoja na viwanja vya maonyesho ya kilimo. Hizi hazitangazwi sana, na nyingine hazimo kabisa katika programu za simu. Andika jina la kaunti na neno kambi kwa Kiingereza katika ramani, kisha piga simu ofisi ya kaunti.

Kwa wazazi waliopata ukazi wa kudumu au uraia na wametimiza miaka 62, kuna pasi ya wazee ya hifadhi za serikali kuu. Ya maisha ni dola 80, na katika kambi nyingi za serikali hiyo hupunguza ada kwa nusu. Ukisafiri na mama, nafasi iwekwe kwa pasi yake.

Wakati ni nusu ya kazi

Nenda kinyume cha msimu. Arizona na kusini mwa Texas hujaa wastaafu miezi ya baridi na hupumua wakishaondoka. Lakini jangwani Julai ni moto wa kweli, usilale na watoto pasipo umeme wa kuendesha kipoza hewa. Kaskazini ni kinyume chake: kiangazi hujaa, na Septemba shule zikifunguliwa nafasi hurudi.

Epuka wikendi tatu ambazo nchi nzima hutoka: ile inayoishia Jumatatu ya mwisho ya Mei, ya Julai 4, na inayoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa siku za kawaida, fika kati ya Jumapili na Jumatano. Katika kambi zisizoweka nafasi, ambako wa kwanza kufika ndiye mwenye haki, kuwa hapo saa nne au saa tano asubuhi, kabla waliotangulia hawajamaliza kufungasha.

Kwenye kambi za binafsi, mwisho wa mwezi ndio wakati wa kupiga simu, maana hapo ndipo kodi huisha na watu huhama. Sheria pia ina mkono wake. California, kwa mfano, aliyekaa siku 30 huanza kuwa na haki za mpangaji, na akitimiza miezi tisa haki hizo huongezeka. Kwa hivyo baadhi ya wenye kambi huwataka wateja waondoke kabla ya siku hizo kutimia, na nafasi huachwa wazi ghafla.

Usikate tamaa kwa neno "imejaa" la kwenye tovuti. Watu hughairi sana siku chache kabla ya safari, na zipo huduma za kukutumia arifa nafasi ikifunguka. Ukihofia kuchelewa, jua pia kwamba katika kambi za Recreation.gov nafasi yako huhifadhiwa hadi saa ya kutoka ya siku inayofuata, kisha huhesabiwa kuwa hukutokea.

Piga simu, na ujue la kuuliza

Tovuti huonyesha mara nyingi kile tu ambacho mwenye kambi amekiweka huko. Mtu wa ofisini anajua zaidi. Usiulize "mna nafasi?" kwani jibu rahisi ni hapana. Uliza hivi: Mna nafasi ngapi zilizotengwa kwa wapita njia? Kuna anayehama wiki hii? Je, ipo nafasi yenye umeme na maji tu, bila maji taka? Hapo ndipo wengi hupata, kwa sababu mkazi wa miezi anataka maji taka, lakini wewe wa usiku mmoja unaweza kumwaga kwenye kituo cha kumwagia ukiondoka.

Taja urefu wa gari kwa futi. Kambi nyingi za zamani za serikali zilichorwa wakati magari yalikuwa mafupi, na RV ya futi 24 itapata nafasi ambazo ya futi 38 haitazipata kamwe. Kama bado hujakodi, kodi fupi.

Ukikosa kabisa

Weka mpango wa pili kabla jua halijazama. Ardhi ya umma chini ya idara ya BLM, hasa majimbo ya magharibi, kwa kawaida huruhusu kulala bure hadi siku 14, bila maji wala umeme. Baadhi ya maduka ya Walmart huruhusu kuegesha usiku mmoja, lakini ni lazima umuulize meneja, kwani miji mingine imepiga marufuku. Ipo pia Harvest Hosts, ya kulipia uanachama, ambayo wenyeji wake huwapokea wenye RV kwa usiku mmoja. Baadhi yao ni viwanda vya mvinyo na bia, kwa hivyo Muislamu achague mashamba na makumbusho, navyo vipo vingi. Popote utakapolala bila plagi, usiwashe jenereta karibu na madirisha yaliyo wazi. Moshi wake huua watu usingizini.

Adabu kwa wenyeji

Nimalizie na hili, kwa kuwa nimesikia wasafiri wakiwasema vibaya wakazi wa kambi, kana kwamba wamewaibia likizo. Binti wa shangazi yangu ni mmoja wao. Ni nesi wa mikataba, anafanya zamu za usiku, na trela yake ndiyo nyumba yake wiki 13 baada ya wiki 13. Nafasi aliyoishika kwa mwezi ni ile ile ambayo wewe ungetaka kuilalia Ijumaa. Kwako ni matembezi, kwake ni mahali pa kusalia alfajiri akirudi kazini. Wa jirani yake alipoteza nyumba. Wa pili anafanya kazi na mshahara haumfikishi kwenye kodi ya chumba.

Kwa hivyo ukiipata nafasi katikati yao, usikatize kwenye vipande vyao, watoto wasipige kelele mchana karibu na trela lenye mapazia yaliyofungwa, na salamu usiwanyime. Wao ndio watakaokwambia maji ya mfereji yananywewa au la, na nani anahama kesho.

Anza na kambi zenye kikomo cha siku. Piga simu badala ya kutegemea tovuti. Fika jua likiwa bado juu, ukiwa na mpango wa pili mfukoni. Tunafundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.